Plagi Mkononi mwa Mke Wangu

Nyumbani kwetu Kihesa, mimi nashika msumeno na mke wangu anashika plagi. Yeye hukaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, plagi ya waya mrefu wa msumeno ikiwa mapajani mwake na soketi iko ukutani karibu na bega lake. Nikiwa tayari namtazama, naye ananitazama kuanzia buti mpaka miwani, kama mwalimu wa zamu anavyowakagua watoto mstarini Jumatatu asubuhi. Akiridhika anachomeka. Asiporidhika anasema neno moja tu, "Kifungo," nami nafunga kifungo cha mkono wa shati.

Wapita njia hutucheka kidogo, na mimi nawasalimu. Utaratibu huu haukushuka wenyewe. Ulitugharimu mgolole mmoja na woga ambao hata leo sijamaliza kumshukuru Mungu kwa sababu yake.

Nianze na kuni. Nilipokwenda kuposa, baba mkwe hakuniuliza habari za elimu yangu wala kazi yangu. Alinionyesha gogo la mti wa mwati nyuma ya nyumba, akanipa shoka lenye mpini uliolegea, akaingia ndani kunywa uji. Nililipasua gogo lile mpaka jua likanichoma kisogoni. Mwishowe mama mkwe alitoka, akaokota kipande kimoja, akakinusa, akasema, "Kitawaka." Ndiyo ikawa ruhusa yangu ya kuoa. Tangu mwaka ule, kabla ya baridi ya Juni kutuingia, nimemwekea mke wangu kuni za mwaka mzima kwa mikono yangu mwenyewe. Tumehama nyumba, tumelea watoto, tumepata jiko la gesi ambalo yeye hulitumia kwa chai, lakini maharage na makande bado anayapika kwa kuni. Nami sijawahi kununua kuni hata siku moja.

Mwaka juzi bega la kulia likaanza kukataa. Nikiinua shoka, mkono unafika usawa wa sikio na kusimama hapo. Sikumwambia mke wangu. Aliona mwenyewe jinsi vipande vilivyozidi kuwa vinene, akawa anavisukumiza jikoni hivyo hivyo.

Mwishoni mwa mvua zilizofuata, upepo uliangusha mlingoti mkubwa mpakani mwa kiwanja changu na cha jirani. Mlingoti ni ule mkaratusi wenu, sisi huku tunauita hivyo. Jirani yangu ni Mngoni, mzee mstaafu kama mimi, yeye Mkatoliki na mimi mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri. Wangoni na sisi Wahehe ni watani tangu enzi za vita vya mababu, kwa hiyo hatuna adabu kati yetu.

"Mtani," aliniambia, ameegemea ua, "huo mti nakupa wote. Shida ni moja, utaukata na nini? Meno?"

"Nitaukata, wewe tazama tu."

"Nitatazama. Kutazama sijawahi kushindwa."

Wiki ile nilikuwa na safari ya Mbeya kumwona binti yetu, ambaye ni muuguzi huko. Nikiwa sokoni Mwanjelwa nikaona, katika duka la mashine zilizotumika za kutoka ng'ambo, msumeno wa mnyororo, chenso, lakini wa umeme. Ulikuwa mdogo na mwepesi, bega langu liliupenda papo hapo. Mwenye duka ni mtu wa makamo, Mwislamu, ambaye babu yake alitoka India. Yeye amezaliwa Mbeya na anaongea Kisafwa kizuri kuliko wengi wanaojiita Wasafwa.

"Mzee, kaa kidogo nikuelekeze," alisema.

"Mwanangu, nilibeba magogo Mufindi kabla hujazaliwa. Chenso nazijua."

"Zile za petroli, mzee. Hii ni tabia nyingine."

"Mnyororo ni mnyororo," nikamjibu. Nilikuwa nawahi basi. Akanitazama, akaufunga msumeno ndani ya boksi lake taratibu, akasema tu, "Haya, mzee wangu. Duka lipo, ukirudi utanikuta."

Alichotaka kuniambia nilikuja kukijua kwa aibu. Kule msituni Mufindi tulizoea kwamba chenso inayonguruma ina hatari, na iliyonyamaza imezimwa. Kelele yenyewe ilikuwa onyo letu. Tulikula chakula tumeketi kando ya chenso zilizonyamaza, tukapumzisha miguu juu yake. Ya umeme haifanyi hivyo. Ikiwa imechomekwa inanyamaza kabisa, na iko tayari wakati wote.

Sasa, sisi hatuanzi kutumia kitu kipya bila kukiombea. Baiskeli, cherehani, ng'ombe wa maziwa, vyote tumeviombea. Jumamosi ile asubuhi nilichomeka waya kwenye soketi ya jikoni, kati ya mlango na dirisha, nikauunganisha na msumeno, nikaketi kwenye benchi kando ya gogo. Kulikuwa na baridi, nimejitanda mgolole wangu begani kama wazee wa hapa tunavyojitanda. Mke wangu akaja kuketi kushoto kwangu. Mtani naye akavuka ua, akasimama karibu na dirisha.

"Tuombe," nikasema.

Nikaulaza msumeno juu ya benchi, bapa lake, kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo, likiwa kati yangu na mke wangu. Nikafumba macho na kufumbata mikono. Nilivyofumbata, ndipo lilipo kosa: nilifumbata juu ya mshikio wa msumeno, kwa sababu nilitaka kukiombea chombo nikiwa nimekishika. Mshikio huo una kitufe cha usalama pembeni, kinachobonyezwa kwa dole gumba, na chini yake kuna kitu cha kubana kwa vidole mfano wa kifyatulio cha bunduki. Mpaka ubonyeze vyote viwili ndipo mnyororo uzunguke. Mtengenezaji alifikiria mambo mengi, lakini hakumfikiria mzee anayeomba. Mikono iliyofumbatwa kwa sala hubonyeza vyote viwili.

Nilikuwa nimefika pale ninapomshukuru Mungu kwa uzima wa mke wangu, vidole vikakaza.

Nilisikia mlio, na benchi likatetemeka chini yangu. Msumeno uliruka ubavu, ukauma ubao, kisha ukaunasa mgolole wangu na kuuvuta kama mtu anayevuta shuka la mwenzake kitandani. Nguo ikajisokota kwenye mnyororo. Kisha kila kitu kikanyamaza. Nilipofumbua macho niliona alama ya meno kwenye ubao wa benchi, na kutoka alama ile mpaka goti la mke wangu ni kiganja kimoja. Mtani alikuwa amesimama dirishani ameshika plagi aliyoichomoa.

Mtani akasema, bado ameishika, "Ndiyo sababu mimi sikufumba macho. Nilijua nyie Wahehe."

"Asante, Mtani," nilisema.

"Kidole chako ningekizika mimi, ndiyo kazi ya mtani. Lakini goti la dada yangu huyu, hapana."

Mke wangu hakupiga kelele. Aliinuka, akaukunjakunja ule waya mrefu kwa utulivu, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja, akaingia nao ndani. Nikasikia sanduku lake la bati likifunguliwa na kufungwa. Aliporudi alisema, "Baba, mwaka huu tutanunua kuni."

Nimeambiwa maneno mengi maishani mwangu, lakini hayo yalinikaa kifuani kwa siku nyingi. Jioni akampigia binti yetu. Mimi nilikuwa palepale, nikisikia upande mmoja tu wa maongezi: "Ndiyo. Hapana, mzima. Mgolole tu. Ndiyo, uje uuchukue." Binti alikuwa na likizo mwisho wa mwezi. Atakuja, na akiondoka ataondoka na msumeno.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki tatu. Nilimwomba Mungu anionyeshe kama hii ni siku ya kukubali kwamba mikono yangu imestaafu. Kukubali si dhambi. Lakini kila nilipouangalia mti ule umelala pale, na mke wangu akizunguka nyuma ya jiko kuokota vijiti vya kuwashia, moyo haukutulia. Niliona kwamba kabla ya kuuliza kama ni mzee mno, ingefaa niulize kama nimejifunza. Na sikuwa nimejifunza. Nilikataa kufundishwa kwa sababu ya basi na kiburi.

Nikamwambia mke wangu ninapokwenda na kwa nini. Hakunikatalia. Alinifungia mkate wa kumimina na chupa ya chai, ambayo kwake ni namna ya kusema mengi.

Mwenye duka pale Mwanjelwa aliutoa msumeno kwenye boksi, akaona nyuzi za mgolole zimejaa kwenye mnyororo. Akaanza kuzichomoa moja moja kwa koleo.

"Mzee, ulikuwa unakata nguo?"

Nikamweleza yote, na sala sikuificha. Nilidhani atacheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alhamdulillahi," kisha akavuta kiti. "Sasa kaa."

Nilikaa mpaka alasiri. Alinifundisha kuanzia mwanzo, kama mtoto wa darasa la kwanza, nami nilikubali kuwa mtoto. Alichukua rula ya mbao, akazungusha penseli ukingoni mwake kuonyesha jinsi ncha ya bapa, ile pembe ya juu, ikigusa kitu chochote, inavyorusha msumeno mzima kuelekea uso wa aliyeushika. Ndiyo maana usisimame nyuma yake moja kwa moja. Simama kushoto kidogo, ili ukiruka upite begani na si kichwani. Mkono wa kushoto mbele, dole gumba likiuzunguka mshikio kabisa. Waya upite nyuma yako juu ya bega la kulia, usilale mbele yako. Majani yakiwa na umande, subiri. Mnyororo ukilegea, kaza, lakini chomoa kwanza. Ukitaka kuupaka mafuta, chomoa kwanza. Ukitaka kutoa unga wa mbao, ukitaka kujikuna, ukitaka kumsalimu jirani, chomoa kwanza.

"Ukiachia kidole," alisema, "bado unazunguka kidogo. Hesabu mbili ndipo usogee."

"Na hii nguo?"

"Mgolole uache ndani, mzee. Mashine hii inaupenda kuliko wewe."

Adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikiti wa karibu. Alikuwa katikati ya maelezo, msumeno umechomekwa mezani, ananionyesha kile kitufe. Akasimama, na kabla ya kitu kingine chochote akachomoa plagi ukutani, akaiweka mkononi mwangu. "Nashika udhu," alisema. "Nirudi nikukute umeishika." Akaenda kuswali.

Nilibaki kwenye kiti kile katikati ya mapangaboi na pampu kuukuu, plagi kiganjani. Watu walipita nje na magunia ya viazi. Nimefundishwa kusali tangu nikiwa mdogo, na nimewafundisha wengine. Nimewaambia vijana wa kipaimara wakunje mikono ili isichezee vitu. Hata hivyo ilinibidi nifike dukani kwa mtu wa dini nyingine ili nione kwa macho yangu kwamba anayekwenda mbele za Mungu huweka chini kwanza kile alichoshika. Aliporudi nilimrudishia plagi yake, nikamshukuru, na sikueleza nilikuwa namshukuru kwa lipi hasa.

Jioni nilikwenda kulala kwa binti yetu. Tulikula ndizi na maziwa ya mgando. Akaniambia, bila ukali, "Baba, mimi nawashona watu wa mashine hizi. Wote huniambia walikuwa wanazijua."

"Na mimi nilikuwa naijua," nikamjibu. "Sasa nimeanza kujifunza."

"Nitakuja palepale mwisho wa mwezi."

"Njoo. Utazame kwanza, ndipo uchukue."

Niliporudi Kihesa nilimweleza mke wangu niliyofundishwa, kipengele kwa kipengele, yeye akichambua maharage. Mwisho nikamwomba awe yeye wa kushika plagi. Nikamwambia kwamba mimi nikichomeka mwenyewe nitasahau siku moja, kwa maana ninajijua, lakini yeye hasahau kitu.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Nikiona mgolole, nachomoa."

"Sawa."

"Nikiona umechoka, nachomoa. Hutaniuliza."

"Sitakuuliza."

"Na kuomba?"

"Tutaomba plagi ikiwa kwako."

Akaenda kwenye sanduku la bati.

Siku ambayo binti alikuja palikuwa na ukungu asubuhi, kwa hiyo tulikunywa chai na kungoja majani yakauke. Alinisalimu shikamoo, akautazama mti, akalitazama benchi lenye alama ya meno. Alikuwa amekuja na begi kubwa tupu. Nililiona.

Saa nne jua likatoka. Nilikuwa nimeinua gogo juu ya magogo mawili madogo, ili mnyororo usije ukagusa udongo. Nikavaa buti, glavu na miwani, shati limefungwa vifungo vyote. Mke wangu akaketi kwenye kigoda chake, plagi mapajani. Mtani akaegemea ua upande wake, mbali, kama alivyoagizwa.

"Leo nafumba macho au nisifumbe?" akauliza.

"Fumba, Mtani. Leo unaweza."

Nikauweka msumeno chini, juu ya gunia. Nikarudi nyuma hatua mbili. Nikakunja mikono mitupu na kuomba kwa ufupi, kwa kuwa Mungu alikuwa ameshasikia mengi kuhusu jambo hili. Tukasema Amina. Nikauokota msumeno, nikashika kama nilivyofundishwa, nikamtazama mke wangu. Alinikagua. Akachomeka.

Kipande cha kwanza kilianguka vizuri, na cha pili pia. Unga wa mlingoti ulinukia dawa ya kifua. Kwenye kipande cha tatu nilikosea kusoma uzito wa gogo; lililegea katikati, mpasuo ukajifunga, bapa likabanwa ndani. Msumeno ukanyamaza mikononi mwangu. Nilimwona binti yangu akisogea hatua moja, na kusema kweli mikono yangu ilitaka kuvuta kwa nguvu. Kule Mufindi tungevuta na kutukana. Nikaachia kidole. Nikahesabu mbili.

"Chomoa, Mama," nikasema.

"Nimeshachomoa," akajibu mke wangu, na kweli alikuwa ameinua plagi juu ili niione.

Nikachukua kabari ya mbao na nyundo, nikagonga polepole mpaka mpasuo ukafunguka, nikalitoa bapa bila kulipinda. Bega lilivumilia. Ilichukua muda, na hakuna aliyenihimiza. Nilipomaliza nikauangalia mnyororo, nikaona umelegea kidogo, nikaukaza. Kisha nikageuza gogo ili nikate kutoka upande unaofaa, nikamtazama tena mwenye plagi.

Tulikata mpaka saa sita. Mke wangu akasema, "Umechoka," nikataka kubisha, lakini alikuwa ameshachomoa. Mtani akapiga makofi mara moja. "Mtani, nimesubiri kidole bure. Narudi nyumbani."

Binti yetu alivuka uani, akaokota kipande kimoja cha mti ule, akakipima mkononi. Hakujua habari za bibi yake na kile kipande cha mwati, sijawahi kumsimulia. Alikigeuza, akakinusa.

"Ni kibichi, Baba."

"Kitakauka. Juni kitawaka."

Kwenye lile begi aliondoka na viazi na mahindi mabichi ya mama yake. Msumeno ulibaki ndani ya boksi lake juu ya kabati, na waya ndani ya sanduku la bati, ufunguo kwa mwenyewe, mke wangu.

Mgolole haukushoneka tena. Mke wangu aliukata pale palipoharibika, akakunja kilichobaki mara nne na kukishona pembeni, na ndiyo mto wa kigoda chake hapo mlangoni mwa jiko. Kuni za mwaka huo zilikauka vizuri, akazipikia, na sasa tumeanza za mwaka huu. Kila Jumamosi mchana, kazi ikiisha, simu hulia kutoka Mbeya. Binti yetu hatangulizi salamu.

"Baba, vidole vingapi?"

"Kumi," namjibu. "Na mama yako kumi."

Ndipo ananipa shikamoo.